Sura ya Saba: Magunia ya Namba 117

Siku ya tatu tangu akamatwe, Tluway alikuwa bado hajagusa chakula cha kituo. Inspekta Monica Gidabuday alimkuta palepale alipomwacha jana, amechuchumaa kwenye kona ya mahabusu, mgongo ukutani, sahani ya ugali na maharage imekauka mbele yake. Wezi wawili wa ng'ombe waliokuwa humo walikuwa wamejibana kona ya pili kama kuku waliomwona mwewe. Watu waliothubutu kuswaga ng'ombe thelathini, leo wanamkimbia mkulima wa vitunguu swaumu asiyefika kilo sitini! Jambo hilo lilimkera Monica, maana hakulielewa.

"Shikamoo, mzee," alisema. Cheo ni cheo, lakini mtu aliyekuzidi miaka kumi ni mkubwa wako hata akiwa nyuma ya nondo.

"Marahaba."

"Nakuuliza tena. Yale magunia arobaini yenye namba yako nani aliyapeleka?"

"Sijui, afande. Mimi sikupeleka hata gunia moja msimu huu."

"Kwa nini hukupeleka? Watu wanasema ulivuna, tena vizuri."

Tluway akatazama sakafu. Hapo ndipo alipokuwa akifika kila mara, kisha anafunga mdomo.

"Basi toka, ukae kwenye benchi tuongee. Kuna chai ya moto."

"Niache hapahapa. Chai mpe mwingine."

Koplo Margwe, aliyesimama mlangoni na funguo, alikohoa akageukia dirishani. Monica aliona, lakini akadhani ni vumbi. Mwezi wa tisa Mbulu vumbi haliishi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tangu serikali iseme soko ni huria, bei ya swaumu ya Bashay ilipangwa na yeyote mwenye lori. Likija lori moja unaumia, yakija mawili una afadhali. Miaka minne iliyopita ikaja Halvorne, kampuni ya ng'ambo inayouza vyakula vya pakiti katika nchi tisini: supu ya unga, tambi, biskuti, uji wa watoto. Swaumu ya Bashay ni ndogo ila ni kali, na waliitaka kwa supu. Wakasaini mkataba na kaya mia nne na kumi na mbili. Kila mkulima akapewa namba yake, na kila msimu anapewa lebo zenye namba hiyo, anashona moja kwenye kila gunia. Gunia likikutwa na kasoro, kampuni inajua limetoka shamba la nani. Tluway ni namba 117.

Wiki mbili zilizopita shehena ilipimwa bandarini kabla ya kupakiwa. Magunia arobaini yakakutwa na dawa ya kuzuia mazao yasichipue, dawa ambayo Halvorne hawairuhusu kabisa. Yote arobaini yalikuwa ya namba 117. Mengine yote yalikuwa safi. Kesi gani rahisi kuliko hiyo? Hata konstebo wa juzi angeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Ofisini kwake Monica alikuta mgeni. Xavery, afisa ununuzi wa Halvorne, alikuwa ametoka Arusha alfajiri na viatu vyake vilivyochongoka vilikuwa vimegeuka vyekundu kwa vumbi. Pembeni yake kulikuwa na magunia mawili kati ya yale arobaini, na mkononi ameshika kitabu kinene chenye picha ya mtoto anayecheka.

"Kampuni inaamua kesho saa nane mchana," alisema. "Nikiwapa mtu mmoja na namna alivyofanya, anaondolewa huyo mmoja. Nikienda mikono mitupu, wanafunga Bashay yote."

"Kaya mia nne kwa ajili ya magunia arobaini?"

Xavery akafungua kitabu. "Hiki wanapewa wenye hisa kila mwaka. Mwanzoni ni sifa tu. Tuna viwanda sitini, wafanyakazi elfu themanini, biskuti zetu ziko kila duka. Halafu inakuja sura hii, Hatari za Biashara." Akapitisha kidole chini ya mistari, akitafsiri. "Bei ya ngano na mafuta ya kula ikipanda. Fedha za kigeni zikiyumba. Ukame. Maduka makubwa machache yakitubana bei. Hii hapa sasa: chakula kikichafuka mahali popote tunaponunua, wateja wanaweza kuziacha bidhaa zetu zote, hata zisizohusika."

"Kurasa za hatari ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na za sifa?"

"Nne."

Monica akacheka. "Kumbe matajiri nao hawapati usingizi!"

"Cheka tu, afande. Mama mmoja huko akisikia kwenye taarifa ya habari kwamba supu yetu ina sumu, hatauliza ni pakiti ipi. Ataacha mpaka uji wa mtoto. Sisi washindani wetu tunawajua. Tunayemwogopa ni mtu mmoja, mbali, ambaye hatujawahi kumwona, ameweka kitu kwenye gunia."

Monica alifungua gunia moja akamwaga swaumu mezani. Vitunguu vyenyewe vilikuwa vikubwa, vyeupe, na kitako cha kila kimoja kilikuwa kimenyolewa laini, hakuna mzizi hata unywele. Akavitia vinne kwenye bahasha ya kaki.

"Umeona nini?" Xavery aliuliza.

"Sijaona kitu. Nakwenda kuona."

Walifika Bashay saa nne, Margwe akiendesha. Kwa Tluway ni juu ya mteremko, nyumba ya bati na zizi la kondoo, shamba limeshavunwa. Njia ya kuingilia ilikuwa imefunikwa na majani, na katikati yake limelazwa tawi la mti. Margwe akazima gari mbali, hatua mia nzima.

"Sogeza," Monica alisema.

"Gari litateleza, afande."

"Litateleza na ardhi imekauka hivi? Haya, shuka twende."

"Mimi nalinda gari."

Monica alimtazama, akamwacha, akaruka lile tawi. Mke wa Tluway, jina lake Eva, alitokea mlangoni na papo hapo akarudi nyuma hatua mbili, mikono mbele.

"Usinikaribie, dada. Ongea kutoka hapo."

"Mimi ni polisi, mama. Nataka kuona ghala lenu."

"Ona. Mlango uko wazi."

Kwenye ghala kitu cha kwanza kilichomgonga Monica macho kilikuwa dumu la njano nyuma ya majembe, limeandikwa kwa Kiingereza na kuchorwa fuvu. Akalivuta mbele. Akalifungua, akanusa, akasoma kikaratasi: dawa ya kuogeshea kondoo kwa ajili ya kupe, na muhuri wa ndani haujachanwa. Akalirudisha.

Kisha akainua macho. Juu kwenye dari, kuanzia ukuta mpaka ukuta, yalining'inia mafungu kwa mafungu ya swaumu, yamefungwa kwa majani yake yenyewe. Alihesabu safu akapiga hesabu ya magunia. Thelathini na tano, labda zaidi. Mavuno yote ya msimu yalikuwa hapo, hayajafika sokoni. Akachomoa kimoja akakilaza kando ya vile vya kwenye bahasha. Cha Tluway kilikuwa kidogo, kina wekundu kwenye ganda, na chini kina kishungi cha mizizi kilichoshika udongo wa Bashay.

"Eva," aliita kutoka mlangoni, "huku kwenu mnakata mizizi ya swaumu?"

"Ya nini? Ukikata inaoza."

"Na mbona hamjauza?"

Yule mama alijifunika mdomo kwa khanga, akaingia ndani.

Monica alirudi kwenye gari kwa hasira. Margwe, alipomwona anakuja, alishuka upande wa dereva, akazunguka, akapanda nyuma.

"Unafanya nini wewe?"

"Utaendesha mwenyewe, afande. Umeingia mle."

"Koplo Margwe! Kama kuna kitu unakijua, sema sasa hivi, ama nitakuandikia barua ya kwenda kulinda kizuizi cha barabara mpaka ustaafu."

Margwe akavua kofia. "Kwetu inaitwa metimani. Mtoto akizaliwa amekufa, wazazi wanajitenga. Hawaendi kwa mtu, hakuna anayekwenda kwao. Hawachangii na mtu chakula, mbegu wala mazao; atakayewagusa, msiba huohuo unamfuata kwake. Ukoo wa Tluway unakaa mwaka mzima. Mtoto wao alizaliwa hivyo mwezi wa kumi na mbili."

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana. Bado miezi mitatu."

Monica aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili. Wale wezi wa ng'ombe waliojibana kona, ile sahani, ile chai. "Kwa nini hakuniambia?"

"Ni mzee wa kanisa. Mchungaji alishatangaza, atakayeonekana anashika mambo hayo anavuliwa uzee. Kwa hiyo watu wanashika kimyakimya. Kila mtu anajua na hakuna anayesema."

"Na wewe ulijua tangu Jumanne!"

"Hukuniuliza, afande."

"Ala! Mtu anaozea mahabusu, wewe unangoja kuulizwa?"

Aibu ilimjaa Margwe usoni. Akasema, kwa sauti ndogo, "Nyie Wabarbaig mnayo ya kwenu. Nadhani haya yetu hayawashiki." Lakini hakuhama kiti cha nyuma.

Ghala la ushirika wa swaumu liko Endagikot, jengo la tofali lenye uwanja na geti la chuma. Njiani Monica aliyapanga mambo. Swaumu ile haikuota Bashay. Mtu ameitoa mbali, imekaa stoo kubwa ikapigwa dawa isichipue, kisha imepachikwa lebo ili ipate bei ya mkataba. Mwenye lebo za 117 ndiye mwenye magunia. Tluway hakutoka kwake mwaka huu, kwa hiyo lebo kama alizipata, alipelekewa.

Hhando, mkuu wa wabeba magunia, alikuwa amekaa na wenzake watatu kwenye kivuli cha ukuta wakila viazi. Monica aliwasalimu, wakaitika.

"Hhando, lile lori la shehena mlipakia magunia mangapi?"

"Mia tatu, Jumamosi jioni. Nafasi ikabaki nyuma. Dereva akasema ataondoka Jumatatu, lori likafungiwa humu uwanjani."

"Bandarini walihesabu mia tatu na arobaini."

"Haiwezekani."

"Kati ya hayo mia tatu, mlibeba ya namba 117?"

Hhando akatafuna kiazi taratibu, akimpima.

"Nimetoka kwa Tluway sasa hivi," Monica alisema. "Nimeliona tawi njiani."

Wote wanne wakasogea mbali naye kidogo, kiasi cha kiganja. Hhando akameza. "Basi kama unajua, unaniuliza nini? Lingekuja hapa gunia la 117, nani angelibeba? Mimi nina wajukuu."

"Jumapili nani alikuwa na ufunguo wa geti?"

"Sisi tulikuwa kanisani. Ufunguo anakaa nao katibu."

Katibu wa ushirika, Felician, alimpokea Monica ofisini kwa bashasha zote. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, suruali imepigwa pasi, simu mbili mezani. Alitoa soda, akatoa pole kwa kazi, akamsikitikia Tluway. Monica aliuacha mlango wazi, na Margwe akasimama hapo mlangoni.

"Swali moja tu, katibu. Lebo za 117 alichukua nani?"

"Siku ya kugawa, mwezi wa saba, Tluway hakufika mkutanoni. Nikasema, mzee wa watu asipitwe. Nikampelekea mwenyewe."

"Ulimwachia njiani, au?"

Felician aliona mtego ulipo, au alidhani ameuona. Akisema aliziacha njiani, ataambiwa mpita njia aliziokota, na Tluway ataponea hapo. Akatabasamu.

"Hapana, afande. Lebo haiachwi njiani. Nilimkabidhi mkononi, sebuleni kwake."

"Unakumbuka vizuri?"

"Vizuri kabisa! Eva alitupikia chai, tukakaa kama saa nzima tukiongelea mbolea."

Njia ya mwongo ni fupi, na huyu aliipitia mbio. Angeishia kwenye lebo pengine ingembidi Monica atafute mashahidi wiki nzima. Ila alimtazama mwanamke wa Kibarbaig wa Hanang aliyevaa sare, akajiambia huyu hajui, na wanaojua hawatasema mbele ya mgeni. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa muda wa siku mbili na nusu.

"Rudia," Monica alisema, akitoa kalamu. "Kwa sauti, niandike. Mwezi wa saba uliingia nyumbani kwa Tluway..."

Nje maneno yalikatika. Hhando alisimama. Felician akaona sura ya Margwe, akaona na za wabeba magunia nyuma yake, na tabasamu likamganda.

Monica alikuwa amepanga aishie hapo, amwache aone macho ya wenzake. Hakujua kwamba Lucia, mke wa Felician, alikuwa ameingia uwanjani na hotpoti ya chakula cha mume wake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Wabeba magunia walimpisha, naye akaja mpaka mlangoni.

"Baba Helena," alisema. "Ulikaa kwa Eva?"

"Mama Helena, nenda nyumbani."

"Ulikunywa chai mle, halafu ukaja kulala kwangu, na tumbo hili?"

"Nimesema nenda nyumbani."

"Nijibu! Mwezi wa saba ulikuwa unanishika tumbo kila siku. Ulitoka kwao ndiyo unakuja kunishika?" Aliiweka hotpoti chini, akashika tumbo kwa mikono miwili. "Mtoto huyu nikimpoteza, Felician, utaniambia nini?"

Monica aliumia. Alitaka kumtoa yule mama pale, na hakuinuka. Felician aliangalia mlango, akaangalia tumbo la mkewe, jasho linamtiririka shingoni.

"Sikwenda," alisema.

"Apa."

"Naapa! Sikufika hata kwenye lile tawi lao. Sijawahi kuingia kwa Tluway mwaka huu wote, Mungu ananiona. Mtoto hana tatizo, mama Helena. Sikwenda."

Lucia aliketi palepale kizingitini akalia kwa faraja, akimshukuru Mungu. Monica akangoja mpaka alipotulia.

"Basi, katibu, lebo za 117 zilikaa kwa nani?"

Felician alifungua droo ya meza. Mle ndani, chini ya karatasi, zilibaki lebo kumi za namba 117, zimefungwa kwa mpira. Maneno mengine yalikuja yenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa Arusha alikuwa na swaumu ya kutoka nje ya nchi, imekaa stoo miezi mingi na hakuna mnunuzi. Walipakia Jumapili, saa ya ibada. Alichagua namba ya Tluway kwa sababu ndiyo nyumba pekee Bashay ambayo hakuna mtu angekwenda kuuliza.

Saa kumi jioni Tluway alikuwa ametolewa mahabusu. Hakukubali kuingia ofisini. Alikaa kwenye ngazi ya nje, na Monica akaketi ngazi mbili juu yake na karatasi mapajani. Xavery alisimama mlangoni akingoja nakala aitafsiri usiku huo kwa wakubwa wake.

"Mzee, uko huru," Monica alisema. "Lakini kuna jambo nakuomba. Kesho Felician atapata wakili. Wakili atasema wewe ulikuwa unatoka na kuingia kama watu wote, na lebo ulizipata. Bila maelezo yako kesi italegea, na huyu bwana hatakuwa na la kuwapelekea kampuni yake."

"Maelezo yatasomwa?"

"Yatasomwa mahakamani. Mchungaji atayasikia. Sikufichi."

Tluway alisugua viganja vyake. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na mbili, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa kabla yake.

"Kaya mia nne," alisema.

"Mia nne na kumi na mbili."

"Andika."

Monica akaandika. Mimi, Tluway, mkulima namba 117, mkazi wa Bashay, mzee wa kanisa. Tarehe tisa mwezi wa kumi na mbili mwaka jana mke wangu Eva alijifungua mtoto wa kike. Mtoto hakulia. Tulimzika sisi wawili, tukalaza tawi njiani, na tangu siku hiyo mpaka nilipokamatwa hakuna mtu aliyeingia kwangu wala mimi sikuingia kwa mtu, wala sikupeleka gunia ghalani.

"Kuna lingine?" Monica aliuliza.

"Andika alikuwa na nywele nyingi."

Kalamu ilisimama, kisha ikaandika. Monica aliiweka karatasi kwenye ngazi, na kalamu juu yake, akasogea pembeni. Tluway aliinama akasaini jina lake lote, herufi za shule ya msingi, wima. Margwe alikuwa ameshawasha gari, amefungua mlango wa mbele.

"Panda, mzee. Ni mbali," alisema Margwe.

"Hapana, mwanangu. Mke wako yuko nyumbani. Nitatembea."

Akashika njia ya Bashay, akipita ukingoni kabisa mwa barabara ili wanaokuja wasilazimike kumpisha.

Xavery aliichukua karatasi akaisoma mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa fomu, mwenye haraka ya kufika Arusha.

"Afande, huu mstari wa mwisho, wa nywele. Kampuni hawatauelewa. Niuruke?"

"Una watoto, Xavery?"

"Wawili."

"Basi usiuruke."

Xavery akakaa kwenye ngazi, akatoa kalamu yake, akaanza kutafsiri kuanzia mstari huo.